Somo: Kucheza na mtoto mchanga hadi wa miaka 3 kwa vitu vilivyomo nyumbani

Habari zenu wazazi na walezi wenzangu. Kila nikigusia mada hii swali la kwanza huwa "ninunue nini?" Usinunue kitu. Tandika sakafuni, zima televisheni, kusanya vyombo vitano sita ulivyo navyo. Kazi ngumu kuliko zote ni kunyamaza na kumsubiri mtoto, nayo haiuzwi.

HATUA YA 1: Kagua kwanza.
Chukua lile bomba la boksi linalobaki karatasi ya chooni ikiisha. Kitu chochote kinachopenya humo kinaweza kumsakama kooni, kiondoe. Sarafu, shanga, sumaku na vipande vya puto visionekane kabisa. Betri za duara mfano wa kifungo ni hatari zaidi: ikikwama kooni inaweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2. Ukishuku amemeza, kimbilia hospitali, usingoje dalili.

HATUA YA 2: Uso wako (tangu kuzaliwa).
Mtoto mchanga huona vizuri zaidi kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani hapo hapo ulipo uso wako ukiwa umempakata. Mtazame, toa ulimi polepole, kisha subiri. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Wengi hushindwa hapa: tunaimba, tunatikisa njuga, tunaongea mfululizo, mtoto hapati zamu yake. Akiguna, mwitikie kwa mguno uleule. Akigeuza kichwa pembeni, amechoka. Mwache apumzike.

HATUA YA 3: Kifudifudi.
Awe macho, nawe uwe naye. Anzeni kwa dakika mbili tatu akiwa juu ya kifua chako. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto ambaye bado hajaanza kutambaa apate angalau dakika 30 kwa siku, lakini si kwa mkupuo mmoja. Usingizi ni habari nyingine: alazwe chali.

HATUA YA 4: Kikapu (akishaweza kuketi bila kuegemezwa).
Hii naipenda kuliko zote. Aliyeieneza ni mwalimu Mwingereza, Elinor Goldschmied, aliyeiita kikapu cha hazina. Chukua kikapu kifupi kisichopinduka, utie mwiko, kijiko cha chuma, kifuniko cha sufuria ndogo, brashi safi ya mbao, kipande cha kitambaa kigumu na kingine laini. Plastiki iwe kidogo, kwa kuwa yote ina ladha moja mdomoni. Tena mdomo ndio anaochunguzia: chuma ni baridi, mti una vuguvugu, kitambaa kinalowa.

Kisha kaa karibu, mikono mapajani. Usimwambie "hiki kijiko". Usimwonyeshe namna ya kukishika. Mimi wa kwanza wangu nilimharibia sana mchezo huu, kila akishika kitu nampokonya nimfundishe "vizuri". Wa pili nilimwacha, akashinda na kifuniko kimoja mpaka chai yangu ikapoa. Ukiona anakutazama usoni, hapo anakuuliza. Jibu kwa neno moja au tabasamu.

HATUA YA 5: Kiko wapi?
Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliona kwamba kuanzia kama miezi 8 mtoto huanza kukitafuta kitu kilichofichwa mbele ya macho yake. Funika kijiko nusu kwa leso, akikivuta funika chote. Jifunike uso nawe ujitokeze. Ukiona anaangusha kikombe kutoka kitini mara ishirini na kuchungulia chini, usikasirike, anaendelea na somo lilelile.

HATUA YA 6: Anasimama dede, anatembea.
Katoni tupu ya kusukuma. Kopo lenye tundu kwenye kifuniko, atumbukize soksi zilizoviringishwa. Beseni lenye maji kidogo na vikombe viwili vya kumiminia. Kwenye maji usinyanyuke hata kufungua mlango, kwani sentimita chache zinatosha kumzamisha mtoto. Mkimaliza, mwaga papo hapo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Wangu ana miezi 4, nikimlaza kifudifudi analia sana. Nimlazimishe?
Jibu: Hapana, mama. Viringisha taulo dogo umwekee chini ya kifua, mikono ipite mbele, nawe ulale chini mtazamane. Usijaribu akiwa ametoka kunyonya. Mwinue anapoanza kulalama, usingoje kilio. Dakika moja, mara nyingi kwa siku, inatosha kwa sasa.

Swali: Mwanangu wa mwaka na miezi miwili anarusha kila ninachompa. Ni utundu?
Jibu: Ni umri, baba. Mpe vinavyofaa kurushwa, soksi na kapu la nguo, na vyombo vizito viweke juu. Mwambie kwa ufupi, "Soksi tunarusha, kikombe haturushi."

Swali: Alizaliwa wiki 8 kabla ya siku zake, sasa ana miezi 6. Nifuate hatua ipi?
Jibu: Hesabu kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Kwa michezo, mchukulie kama wa miezi 4. Ukiwa na wasiwasi na ukuaji wake, mwulize anayempima kliniki.

Swali: Ana vichezeo tele lakini anadaka hiki, anaacha, anadaka kile.
Jibu: Ndivyo vingi vinavyofanya. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2018 uliwapa watoto wadogo vichezeo 4, na wakati mwingine 16. Vilipokuwa 4 walicheza na kila kimoja kwa muda mrefu zaidi na kwa namna nyingi zaidi. Acha vinne, vingine ficha, badilisha baada ya wiki.

Swali: Na video za watoto kwenye simu, wakati napika?
Jibu: Mwongozo ule ule wa Shirika la Afya Duniani hauzipendekezi kabla ya miaka 2. Unapopika mpe sufuria na mwiko, mbali na moto lakini mahali unapomwona. Kelele utazizoea.