Kabla Hujamjazia Mama Fomu za Kadi ya Kijani

Mama amekuja Marekani kukutembelea kwa viza ya B-2, wajukuu wamemzoea, na sasa nyumba nzima inataka abaki: aombewe kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, akiwa hapa hapa bila kurudi kwao. Kabla hujagusa fomu yoyote, hakikisha wewe ni raia wa Marekani na umetimiza miaka 21. Mwenye kadi ya kijani hawezi kumwombea mzazi. Na dada yako aliyekuja kutembea hana njia hii hata kama wewe ni raia, maana foleni ya ndugu huchukua zaidi ya miaka 10.

Kisha tazama tarehe. Wengi hufungua pasipoti, wakaona viza ina miaka imebaki, wakatulia. Inayohesabika ni ile ya I-94, rekodi ya kuingia inayopatikana mtandaoni, ambayo kwa kawaida humpa mgeni miezi 6. Sisi tuliiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni. Ni kweli sheria humpa nafasi mzazi wa raia aliyeingia kihalali hata siku zake zikipita, lakini sikushauri uitegemee: ombi likikataliwa, mama anabaki hana kibali chochote.

Kuwahi mno nako kuna hatari yake. Ofisa anaweza kuuliza mama alisema nini uwanja wa ndege. Zile siku 90 zinazotajwa sana, kwamba mgeni anayebadili mpango kabla hazijaisha hudhaniwa alificha nia yake, ni kipimo cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. USCIS, idara ya uhamiaji inayoamua ombi, haifungwi nacho, ila hupima nia. Kama mlikwisha kupanga abaki tangu akiwa Nairobi, msipitie viza ya matembezi. Mwombee, asubiri kwao, ahojiwe ubalozini.

Vyeti ndivyo vilivyotuchelewesha. Cheti changu cha kuzaliwa kina jina la mama la usichanani, pasipoti yake ina la baba. Ikabidi kuagiza cheti cha ndoa kutoka nyumbani. Fomu ya daktari, I-693, tangu Desemba 2024 lazima iende pamoja na I-485, ile fomu ya kuomba kadi ya kijani ukiwa ndani ya Marekani, na daktari awe aliyeidhinishwa na USCIS. Kipato chako nacho kifike asilimia 125 ya kiwango cha umaskini, kwa idadi ya watu wa nyumba yako, mama akiwemo.

Jambo linalosahaulika ni msiba. Akiondoka I-485 ikiwa bado inashughulikiwa, bila ruhusa ya kusafiri inayoombwa kwa I-131, ombi huhesabiwa limeachwa. Mama ana dada zake, ana majirani wa miaka arobaini. Muulize kama ataweza kukaa huku wakati kwao wanazika. Muulize usiku, watoto wamelala, mkiwa wawili tu, na umpe muda wa kujibu.