Mota ya kupimia nguvu za injini ndogo

Kupima nguvu ya injini ndogo, iache izungushe mota; mota itazalisha umeme, na taa zitaula umeme huo kama mzigo. Ukizunguka kwa wauza vyuma chakavu hapa Unguja kutafuta mota hiyo, iache ya feni na ya blenda. Hazina sumaku ya kudumu, hivyo ukizizungusha hazizalishi umeme wa kutegemewa. Tafuta mota ya skuta ya umeme: 24 V, 350 W, mizunguko kama 2,700 kwa dakika. Fungua uangalie brashi za kaboni; chumvi ya bahari huzigandisha ndani ya vishikio vyake.

Injini ya mizunguko 12,000 usiiunge moja kwa moja, waya za rota (sehemu ya mota inayozunguka) zitachomoka. Weka mkanda wa meno, 4 kwa 1: injini izunguke mara nne, mota mara moja. Mzigo ni taa za gari za 12 V, 55 W, mbilimbili kwa mfululizo. Jozi tatu zinakula 330 W.

Bodi ya mota (ganda lake la nje) ielee kwenye beringi, na mkono wa sentimita 10 uliofungwa kwenye bodi ukandamize mizani ya jikoni. Mizani ikisoma gramu 974 kwa mizunguko 3,000, hiyo ni 300 W. Waya za umeme zilegee kabisa! Zikivuta bodi, kipimo chote ni uongo.