Madoa meupe si ugonjwa mmoja: kumtibu samaki wa tangi la maji ya chumvi hapa Mtwara

Kazi yangu hasa ni friji na viyoyozi. Matangi ya samaki yalinijia kwa mlango huohuo: anayejua kupoza chumba cha mapokezi huulizwa pia kwa nini samaki wa mapokezi wanakufa. Sasa nahudumia matangi ya maji ya chumvi Shangani, Ligula na moja Mikindani, na simu nyingi huanza na maneno yaleyale: "Fundi, samaki wana madoa meupe, nitie dawa gani?" Mimi sijibu mpaka nijue ni madoa gani. Vimelea vinavyotusumbua zaidi ni vinne, na dawa inayomwondoa huyu kwa yule haifanyi kitu, au inammaliza samaki kabla ya ugonjwa.

Kabla ya dawa, tafuta tochi. Zima taa ya tangi, acha samaki watulie, kisha wamulike kwa ubavu. Anza na mapezi, maana yanapitisha mwanga na doa halijifichi. Halafu hesabu pumzi: kifuniko cha shavu kinafunguka mara ngapi kwa dakika. Hesabu hiyo ichukue mapema samaki akiwa mzima, uiandike kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya tangi. Kangaja hapumui kama chewa, na bila namba ya uzima hutaijua ya ugonjwa.

Ukiona madoa yanayohesabika, kila moja kama punje ya chumvi, na samaki anajikwaruza kwenye mawe lakini bado anakula, huyo ni Cryptocaryon irritans, doa jeupe lenyewe. Kangaja huwa wa kwanza kuupata, hasa yule wa buluu mwenye pezi la njano mgongoni. Ukiona vumbi laini la rangi ya dhahabu lisilohesabika, au huoni kitu kabisa lakini samaki anahema, amejipanga mbele ya mkondo wa pampu, anakwepa mwanga na amegoma kula, fikiria Amyloodinium ocellatum. Huyu huanzia kwenye matamvua, na anaweza kuua ndani ya siku moja au mbili. Usingoje vumbi lionekane ndipo uamini.

Wa tatu ni Brooklynella hostilis, anayewapenda zaidi klauni, wale wadogo wa rangi ya chungwa wanaoishi na anemoni. Hapa hakuna doa. Kuna ute mwingi, ngozi inapauka na kuchunika kama utando, samaki anabaki juu anahema. Wa nne ni mnyoo bapa, Neobenedenia, naye haonekani kwa sababu mwili wake unapitisha mwanga. Utakachoona ni jicho lenye ukungu na samaki anayejisugua kila mahali.

Nilikuta kitatange wa namna hiyo kwenye nyumba moja ya wageni Shangani. Dada wa mapokezi alishaamua kuwa ni mtoto wa jicho, samaki kazeeka. Nikaomba beseni jeusi. Rangi ya beseni ina kazi yake, utaona. Nilijaza maji baridi ya bomba, yaani yasiyo na chumvi, yaliyolala usiku kucha yakipigwa hewa ili klorini itoke, nikayaongezea kijiko kidogo cha soda ya kuokea kukaribisha pH ya bahari, 8.2 hivi, nikayalinganisha joto na tangi. Samaki akaingia. Dakika ya kwanza alilala ubavu, wengi hufanya hivyo, usimtoe kwa hofu. Ilipokaribia dakika ya tatu vipande vyeupe vya duara dufu vilianza kumdondoka na kutua chini, vingine kutoka kwenye jicho lenyewe. Minyoo ile ikikutana na maji yasiyo na chumvi hugeuka myeupe na kuachia. Dakika ya tano nikamrudisha kwenye maji ya chumvi. Yule dada aliinamia beseni akasema, "Mtoto wa jicho kumbe wana miguu."

Beseni limekutajia ugonjwa, lakini halijautibu. Mayai ya minyoo yana nyuzi zinazonasa kwenye wavu na mawe, na mengine ya kutosha yamebaki tangini. Hapo inaingia prazikwanteli, dawa ileile ya kichocho. Kidonge cha miligramu 600 kinatosha maji lita 240, kwa kiwango cha miligramu 2.5 kwa lita. Kisage mpaka kiwe unga, ukitikise kwenye chupa ya maji ya tangi yenye vuguvugu, maana hakiyeyuki kirahisi, ndipo umimine. Toa mkaa kwenye chujio na ongeza hewa. Mayai hayafi kwa dawa hii, kwa hiyo rudia baada ya siku 5 hadi 7, ili waliokwisha kuanguliwa wakutwe kabla hawajataga. Kidonge nunua duka la dawa. Vile vinavyogawiwa shuleni ni vya watoto, waachie wenyewe.

Sasa doa jeupe, ambalo ndilo linalowachanganya watu zaidi. Mteja ananipigia Jumatatu samaki ana madoa, Alhamisi anapiga tena kwa furaha: yameisha yenyewe, au yameishia kwa kitunguu saumu alichotia. Hayajaisha. Kimelea hukaa chini ya ngozi ya samaki siku 3 hadi 7 akila, na humo dawa yoyote ya majini haimfikii. Akishiba anajiachia, mara nyingi usiku, anatambaa chini na kujifungia kwenye kifuko kigumu juu ya mchanga au jiwe, na humo pia dawa haimpati. Ndani ya kifuko anajigawa. Kifuko kimoja kinaweza kutoa watoto zaidi ya 200, kwa kawaida kati ya siku 3 na 28, na kimewahi kuonekana kikichelewa hadi siku 72. Watoto hao wana siku moja au mbili tu za kumpata samaki, la sivyo wanakufa. Ni wakati huo tu, wanapoogelea, ndipo dawa inapowaua. Kwa hiyo madoa yakitoweka, vimelea wameshuka mchangani kuzaa. Kitunguu saumu samaki anakipenda na kitamrudishia hamu ya kula. Lakini kitunguu hakimgusi kimelea.

Njia ninayoipenda kwa doa jeupe haitumii dawa hata tone, na sisi wa pwani hatuna sababu ya kuikwepa, kwa kuwa maji yake tunayo. Tafuta diaba mbili za plastiki, za lita 50 au zaidi kulingana na samaki, kila moja na jiwe lake la hewa, lile la kutoa mapovu, na kipande cha bomba la plastiki cha kujifichia. Usiweke mchanga wala jiwe. Siku ya 1 samaki anaingia diaba la kwanza. Siku ya 4 anahamia la pili, siku ya 7 anarudi la kwanza likiwa limeoshwa na kukauka, siku ya 10 anahama tena, na siku ya 13 yuko safi. Kila mara hamisha samaki peke yake, na maji machache kadiri iwezekanavyo. Usizidishe saa 72 kati ya kuhama na kuhama, kwa sababu hapo ndipo vifuko vya kwanza huanza kupasuka. Akiondoka, diaba, bomba, wavu na jiwe la hewa vioshwe kwa maji baridi na vianikwe juani siku nzima. Jua la Mtwara kwa kazi hii ni mali. Lisha kidogo, na pima amonia kila siku, kwa kuwa diaba halina bakteria wa kusafisha.

Maji ya kuhamishia chota maji yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa mto na mitaro. Kuanzia Desemba mpaka Aprili mvua inapopiga, pima chumvi kwanza. Unataka gramu 35 kwa lita, na baada ya mvua kubwa hutazipata ufukweni. Yapitishe kwenye chujio la mikroni 5, lile la maji ya nyumbani, maana maji mabichi ya bahari yanaweza kukuletea ugonjwa uleule unaoukimbia.

Vumbi la dhahabu halikupi nafasi ya kuhamahama. Hapo ni shaba, na shaba tunayoipata ni mrututu. Ninaosema ni mrututu safi wa maabara, fuwele za buluu. Si dawa ya ukungu ya duka la pembejeo, na si salfa ya mikorosho; kuna aliyeniuliza hilo kwa dhati kabisa kwa sababu alikuwa na mfuko uliobaki baada ya kupulizia ubwiriunga. Pima gramu 1 kwa mizani ya sonara, yeyusha kwenye mililita 250 za maji ya betri yaliyo safi, yale yasiyo na asidi. Kila mililita ya mchanganyiko huo ina karibu miligramu 1 ya shaba. Shabaha yako ni miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita. Kwa diaba la lita 100 ni mililita 15, lakini zigawe: 5 leo, 5 kesho, 5 keshokutwa. Pima kwa kifaa cha kupimia shaba asubuhi na jioni. Chini ya 0.15 haimuui kimelea, juu ya 0.20 unaanza kumuua samaki. Shikilia kiwango hicho wiki 3 bila kukatisha. Kama huna kifaa cha kupimia, usitumie shaba.

Mrututu usiingie tangi kuu hata siku moja. Matumbawe, anemoni, kamba na konokono wote watakufa, na mawe ya chokaa yataifyonza shaba usijue imekwenda wapi. Shaba inatibu doa jeupe pia, kama kuhamisha hakuwezekani. Mbadala wake ni klorokwini fosfeti, miligramu 10 kwa lita, nayo diabani tu. Rika langu tunaikumbuka kwa muwasho, kabla haijaondolewa mwaka 2001 kuwa dawa ya kwanza ya malaria Tanzania Bara. Siku hizi ni kuitafuta.

Wengine hupunguza chumvi mpaka gramu 15 kwa lita kwa wiki 3 hadi 4. Kwa doa jeupe inafaa mara nyingi, ingawa wapo vimelea sugu. Kwa vumbi la dhahabu haifai kitu. Yule anavumilia chumvi ndogo sana.

Klauni mwenye ute shaba haimsaidii. Anahitaji formalini: mililita 1.5 kwenye ndoo ya lita 10 za maji ya chumvi, dakika 30 hadi 60, hewa ikichemka, na wewe umekaa hapo hapo. Ukisoma viwango vikubwa zaidi ya hivyo, ni vya maji ya ubaridi. Maji yetu ya nyuzi 27 yana oksijeni pungufu na formalini inaila hiyo iliyopo. Akianza kuzidiwa mtoe. Vaa glavu, fanya nje upepo upite, kwa sababu mvuke wake unasababisha saratani. Chupa yenye mashapo meupe chini usiitumie, imegeuka sumu zaidi.

Samaki wakiwa diabani, tangi kuu libaki bila samaki hata mmoja. Wiki 6 ndiyo kima cha chini, na mimi huwaambia wateja siku 76 ili nizipite zile 72. Hawapendi. Msimu wa malipo ya korosho ndiyo mbaya zaidi, kila mtu anataka tangi limejaa kabla wageni hawajaja. Samaki mpya naye apite diaba zilezile kabla ya kuungana na wenzake, hata kama amevuliwa jana, na kabla ya kumvua uliza kibali: ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma hujichotei tu.

Ukimaliza, maji ya mrututu na ya formalini yasirudi baharini wala kwenye mtaro unaoshuka ufukweni. Shimo lichimbwe mbali na kisima na bustani, na samaki aliyetibiwa hivyo, akifa, mzike. Paka asipewe.