Unaenda Kutazama Kenya Open? Zingatia Haya Kwanza

Kenya Open, mashindano ya gofu ya Nairobi, huchezwa siku nne, Alhamisi hadi Jumapili, mashimo 18 kila siku. Mchezaji anatembea ndani ya kamba, wewe unatembea nje yake. Jipange mapema.

Vaa raba zilizokwisha kuuzoea mguu. Viatu vya visigino vinazama na kutoboa nyasi. Beba kofia, maji na mafuta ya kukinga jua, na baridi ya asubuhi ya Nairobi isikudanganye. Mashindano huja Februari au Machi, kwa hiyo mwavuli pia. Simu izime sauti ukiwa bado njiani, pamoja na mlio wa kamera.

Siku ipi? Watu wengi hutaka Jumapili, kwa sababu ndiyo siku ya kombe, lile alilolitwaa Mhispania Seve Ballesteros pale klabu ya Muthaiga mwaka 1978. Mimi nakwambia nenda Alhamisi au Ijumaa. Wachezaji wote wapo, umati ni mdogo, unasogea hadi kwenye kamba bila kusukumana. Baada ya mashimo 36 wanabaki 65 bora na waliofungana nao. Wengine hufunga mizigo. Kama shida yako ni kumwona Mkenya unayemshabikia, usithubutu kungoja wikendi.

Ukifika, anzia uwanja wa mazoezi. Kisha tafuta shimo fupi, lile linalotarajiwa kumalizwa kwa mapigo matatu, ukae ubavuni mwa grini, zile nyasi fupi zinazozunguka tundu: utaona pigo la kwanza likiruka, mpira ukitua, na mchezaji akiusukumiza shimoni. Makundi yatakuja kwako yenyewe. Anayemkimbilia nyota mmoja kutwa nzima huishia kuona migongo ya watu.

Sasa lililo kubwa: jua mpira utatua wapi. Shemeji yangu alisimama kwenye kona ya shimo refu, upande wa kulia, kivulini, mgongo ukielekea wanakopigia. Alikuwa akisoma ujumbe kwenye simu. Msimamizi aliyekuwa pale wanakopigia alinyoosha mkono wake wote kulia, ishara kwamba mpira unakuja huku, na sauti ya onyo la wanagofu ikafuata: "Foo!" Shemeji akafanya wanachofanya karibu wote. Akageuka, akainua uso kuutafuta mpira angani. Ulimpata kwenye mfupa wa mtulinga, sentimita chache tu chini ya koo. Nilisikia mlio kama wa kijiti kikavu kikivunjwa. Mchezaji alikuja mbio, uso umemsawijika, akaomba radhi, akamwachia glavu yenye sahihi. Glavu ipo, bega halikupona vizuri, na hadi leo mkono ule hauinui mtoto.

Mpira wa gofu una gramu zisizozidi 46, lakini ukitoka kwenye fimbo ya mchezaji wa kulipwa hupita kilomita 250 kwa saa. Mwaka 2018, katika Ryder Cup, mashindano ya gofu kati ya Ulaya na Marekani, kule Ufaransa, mpira wa Mmarekani Brooks Koepka ulimpiga mtazamaji mwanamke, akapoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja. Na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unaenda mbali kuliko ungeenda Mombasa. Pale unapodhani hauwezi kukufikia, unakufikia.

Basi usisimame bila kujua nani anapiga na kutoka wapi. Ukisikia "Foo!", usitazame juu. Inama, funika kichwa kwa mikono yote miwili, au jibanze nyuma ya mti. Mpira ukisimama miguuni pako, usiuguse. Rudi nyuma, umwachie nafasi mwenye nao.

Jambo jingine: nyota akishamaliza kwenye grini, umati huanza kuondoka huku mwenzake bado ameinama juu ya mpira wake. Tulia mpaka wa mwisho amalize. Huyo naye anatafuta riziki.

Watoto washike mkono. Vuka pale tu msimamizi anapofungua kamba. Mchezo ukisimamishwa kwa ajili ya radi, ondoka uwanjani, usikimbilie chini ya miti. Kula kabla njaa haijakushika, na kubalianeni mapema mtakapokutana mkipotezana.