Kujitolea kwenye uchimbaji wa mambo ya kale pwani: anza na ndoo na mswaki

Maji yakipwa Kilwa Kisiwani, mji wa kale kusini mwa pwani ya Tanzania, ufukweni unakanyaga vigae. Vingi ni vya vyungu vya hapahapa. Vichache ni vya kijani vinavyong'aa, vilivyoletwa kwa jahazi kutoka China. Bahari imeshakula sehemu ya ukuta wa Gereza, ngome ya zamani, na haijashiba. Wataalamu hawatoshi kwa pwani yote, kwa hiyo mikono inahitajika, na kazi yenyewe inafundishika.

1. Usichimbe peke yako. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka leseni. Ukikuta kitu unapochimba kisima au msingi, simama, piga picha, kiache palepale, kisha toa taarifa serikali ya kijiji au makumbusho. Shanga zinazouzwa ufukweni usinunue, maana ununuzi ndio unaozing'oa.

2. Tafuta timu yenye leseni. Ulizia Idara ya Mambo ya Kale, Makumbusho ya Taifa, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kimefundisha akiolojia tangu 1985. Timu nyingi huingia kazini kiangazi. Mkifika, hodi kwanza kwa wazee: baadhi ya makaburi mnayoyaona ni magofu bado yanazuriwa na kuombewa dua.

3. Vaa kofia, beba maji, shika mwiko wa mwashi. Jembe liache nyumbani.

4. Kwangua, usichimbue. Mraba wa kuchimbia hupimwa kwa vigingi na uzi. Ndani yake unashuka tabaka kwa tabaka: udongo ukibadilika rangi au ugumu, simama na umwite msimamizi. Usichomoe kitu kinachochungulia. Mkaa usiuguse kwa vidole, kwani huenda ukapelekwa kupimwa umri. Uinue kwa ncha ya mwiko, uufunge kwenye foili.

5. Chekecha kila ndoo. Chekecheke la matundu ya milimita 5 linadaka vigae na mifupa ya samaki, ila shanga ndogo za kioo zinapita. Omba la matundu madogo zaidi, hata kama kazi itakwenda polepole.

6. Osha. Hapa ndipo mgeni anapofaa kuliko popote, na mimi ningemweka kila mtu hapa siku tatu kabla ya kumpa mwiko. Chukua mfuko mmoja tu, beseni moja, mswaki laini. Usiloweke. Kigae chenye masizi au chenye mabaki yaliyogandia ndani kiweke kando bila kukiosha, maana hayo yanaweza kueleza kilichopikwa. Anika kivulini, na lebo ikae juu ya vigae vyake muda wote: jina la eneo, namba ya mraba, namba ya tabaka, tarehe. Nimewahi kuona upepo ukipeperusha lebo za mifuko miwili. Vigae vilibaki vizima, lakini hatukuweza tena kusema vilitoka kina gani, na kazi ya siku nzima ikapotea. Tangu hapo naweka lebo mbili, moja ndani na moja nje, kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka.

7. Panga na uhesabu. Tenga midomo ya vyungu, matako na mabamba ya ubavuni. Jicho litakimbilia kile cha kijani cha China, lirudishe. Ni vile vyeusi vya hapahapa vinavyoonyesha watu walipika nini na walikula pamoja vipi.

8. Tandikeni mkeka kabla ya kuondoka. Waiteni wanakijiji waje kuona vitu kabla havijafungwa kwenda Dar es Salaam. Tulipofanya hivyo, bibi mmoja alichukua kipande tulichokiandika "bakuli", akakigeuza, akatuonyesha alama za moto upande wa ndani. "Hiki chetezo, wanangu," alisema. "Hapa palikaa makaa, na hapa udi." Tulifuta, tukaandika upya.