Tazama upepo kabla ya kupanda baskeli

Ukitaka kuizunguka Unguja peke yako kwa baskeli, swali la kwanza si kilomita ngapi. Ni upepo upi unavuma. Kisiwa kina urefu wa kilomita 85 hivi na karibu chote ni tambarare, kwa hiyo kitakachokuchosha si mlima.

Mwezi wa Julai, kusi, yaani upepo utokao kusini, likiwa limekaza, nilitoka Nungwi, ncha ya kaskazini, kuelekea Makunduchi kule kusini. Kosa. Nilipofika Paje na kushika barabara ya Jambiani, upepo wa uso kwa uso. Nakanyaga pedeli kama napanda kilima, bibi mmoja aliyebeba mwani ananipita kwa miguu! Siku hizi Juni hadi Septemba naanzia Makunduchi, kusi linanisukuma mgongoni. Kaskazi, upepo utokao kaskazini, likiingia, Disemba mpaka Februari, nageuza, naanzia Nungwi.

Jambo la pili ni mnyororo. Chumvi ya pwani ya mashariki inaula usiku mmoja tu, asubuhi unaukuta mwekundu. Kila jioni ufute kwa kitambaa kikavu, kisha tone moja moja la mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo, na uyafute yaliyozidi, maana mchanga hupenda mafuta.

Kiraka, gundi na pampu huna haja ya kuambiwa. Mwezi wa Ramadhani beba tende zako, mchana migahawa ya vijijini haifunguliwi.

Pemba ni habari nyengine. Kule vilima haviishi, kuanzia Mkoani mpaka Konde. Kagua breki kwanza.