Kubadili mashine za kutyunia kwenye gitaa la zamani la achitopu bila kuharibu kichwa chake

Kabla hujanunua mashine mpya, yaani zile za kichwani mwa gitaa zenye kitufe, gia na mhimili unaozungushiwa uzi, hakikisha za zamani zimekufa kweli. Zungusha kitufe polepole. Sauti isipobadilika, kisha ikaruka ghafla na ukasikia "tik", uzi umebanwa kwenye mfereji wa ule mfupa wa mwanzoni mwa shingo, na mashine haina kosa. Sugua ncha ya penseli mferejini, jaribu tena. Kitufe kikienda bure kidogo kabla gia haijashika, hiyo ni kawaida ya mashine zilizo wazi, zile ambazo gia zake zinaonekana: kaza skrubu ya katikati ya gia, tia tone moja la mafuta ya cherehani. Mashine ya kubadilisha ni ile inayoruka meno, iliyopinda mhimili, au yenye vitufe vinavyomeguka ukivishika. Plastiki ya zamani iliyotokana na selulosi hutoa asidi inapooza, asidi hiyo hula chuma kilicho jirani, na kwetu Dar hewa ya chumvi humalizia kilichobaki.

Achitopu, lile gitaa lenye uso uliovimba na matundu mawili ya herufi f, haina daraja (kile kibao kinachobeba nyuzi juu ya uso) lililogandishwa. Linashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu, na ukizitoa zote linaondoka. Kwa hiyo bandika selotepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, mbele na nyuma ya miguu ya daraja kabla ya kulegeza chochote. Kwenye vanishi iliyoanza kupasuka usiibandike kwa nguvu, wala usiiache hadi kesho yake. Chini ya mkia wa chuma, ule unaoshika ncha za nyuzi upande wa chini, weka khanga iliyokunjwa mara mbili, maana nyuzi zikilegea mkia huo huangukia uso wa gitaa na kuuchana.

Sasa pima, na upime kwa kalipa, kile kifaa cha taya mbili cha kupimia unene, si kwa rula. Mhimili wa mashine za zamani huwa na unene wa milimita 6 au 6.35. Bushi, yaani kile kipete cha chuma kinachoonekana mbele ya kichwa, kwa mashine za aina ya Kluson hukaa kwenye tundu la karibu milimita 8.7. Mashine nyingi za kisasa zilizofungwa, kama Grover Rotomatic, zinahitaji tundu la karibu milimita 10. Hapa ndipo magitaa mengi mazuri yalipoharibiwa: mtu hununua mashine kwanza, kisha hupanua matundu ili ziingie. Mbao iliyotolewa hairudi, na mashine hizo nzito huvuta shingo chini ukipiga umesimama. Nunua mashine inayolifuata tundu lililopo.

Kama mashine tatu zimeungwa kwenye bamba moja, pima pia umbali kutoka katikati ya mhimili mmoja hadi katikati ya unaofuata. Tofauti ya nusu milimita kwa kila nafasi inakuwa milimita nzima ukifika mhimili wa tatu, na hapo mashine itagoma kuzunguka hata ikiwa mpya. Mwisho pima unene wa kichwa kwenye kila tundu. Baadhi ya vichwa vya magitaa ya zamani ya Gibson hukonda kuelekea juu, hivyo kipimo kimoja hakitoshi.

Kufungua kunataka subira. Ziandike mashine namba 1 hadi 6. Skrubu za zamani mara nyingi zina mkato mmoja, basi tafuta bisibisi inayojaa mkato huo kwa upana wote. Kaza kidogo kwanza, ndipo ulegeze. Ikikataa, gusisha ncha ya pasi ya kulehemia waya kwenye kichwa cha skrubu kwa sekunde 10 hadi 15, iache ipoe, jaribu tena. Usiguse plastiki, na moto wa kiberiti usikaribie kabisa, kwa sababu vitufe vya seluloidi huwaka haraka mno. Usipulizie mafuta ya kulainisha kutu pia. Yanazama kwenye mbao, na gundi haitashika tena hapo.

Skrubu ikikatikia ndani, pini ya springi ya chuma (kibomba kidogo chenye mpasuo) yenye upana wa milimita 4 inafaa. Ichonge meno madogo kwa tupa upande mmoja, ifunge kwenye drili, izungushe kinyumenyume kuzunguka kisiki hadi kitoke na mbao yake. Ziba kwa kijiti cha mninga na gundi nyeupe ya mbao, uache siku nzima. Mpingo usiutumie hapa: ni mgumu kupita kiasi na una mafuta, gundi haiupendi. Tundu la skrubu lililolegea tu linazibwa na njiti za meno na gundi.

Bushi za zamani zikiwa nzima na mhimili mpya unaingia bila kuchezacheza, ziache. Kama lazima zitoke, kata vanishi pembeni yake kwa wembe kwanza, kisha zisukume kutoka nyuma kwa kijiti kinachojaa tundu. Ukizing'oa kwa bisibisi kutoka mbele, utang'oa na vanishi. Bushi mpya iingie nusu kwa kidole gumba. Nusu iliyobaki imalizie kwa klampu yenye vibao viwili. Usigonge kwa nyundo, kwani ufa huanzia tundu moja ukaelekea jingine. Ikikaza, kwangua tundu kwa rima ya mkono (kifaa chenye makali cha kupanulia tundu), mzunguko mmoja mmoja, ukijaribu kila mara. Drili hung'ata na kurarua mbao. Ikilegea, paka ukuta wa tundu supa gluu kidogo sana, ikauke kabisa, ndipo ujaribu.

Ukikuta mtu ameshapanua matundu hadi milimita 10, dawa ni bushi za kupunguza: nje milimita 10, ndani milimita 6.35. Ukizikosa madukani, mpelekee vipimo mkereza vyuma wa Gerezani, hapa Dar, akuchongee sita kwa shaba njano. Mpe na mashine moja ya kujaribia.

Mihimili yote iingie kwenye bushi kabla hujaweka skrubu hata moja. Zungusha kila kitufe. Kimoja kikiwa kigumu, tafuta sababu sasa, kwa sababu kukaza skrubu kutazidisha ubishi. Panga kwa rula, kisha toboa matundu ya skrubu: kwa skrubu ya milimita 2 tumia drili ya 1.5, na kwa urefu wa milimita 10 toboa 8 tu, ukiwa umefunga selotepu kwenye drili kuonyesha kina. Sugua skrubu kwenye mshumaa kabla ya kuikaza.

Funga nyuzi mbili za nje kwanza ili daraja lishike mahali pake. Nyuzi nene zizungushe mihimili mara mbili au tatu, nyembamba nne au tano, kila mzunguko ukienda chini ya uliotangulia. Panda kwenye sauti kwa hatua, maana shingo imepumzika na itachukua muda kukubali mkazo. Kisha linganisha sauti ya haramoniki ya freti ya 12 (uzi ukiguswa tu juu ya freti bila kubonyezwa) na noti ya kubonyeza hapohapo. Noti ya kubonyeza ikiwa juu, legeza kidogo na usogeze daraja kuelekea mkia. Ikiwa chini, lisogeze kuelekea shingo.

Baada ya wiki kagua skrubu, hasa kipindi cha masika mbao zinapovimba. Mashine za zamani zitie kwenye mfuko pamoja na skrubu zake zote, hata zilizovunjika, na zikae ndani ya kasha la gitaa.